Mkanda Uliokimbia Alasiri

Jumanne, 5 Aprili 1988

Leo nimeanza kazi. Nimeiandika sentensi hiyo peke yake kwanza, ili niitazame.

Kiwanda chetu, hapa Changamwe, hukamua nazi na kutia mafuta yake katika chupa za kioo. Nimeajiriwa kuwa mhandisi katika idara ya matengenezo, kwa muda wa majaribio hadi mwisho wa Juni. Mkuu wangu ni Bwana Gershom, Mtaita mrefu ambaye mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya wa shaba. Alinipokea kwa maneno haya: "Binti, shahada yako iweke mahali pakavu. Masika ya hapa hayaheshimu karatasi." Nilicheka kwa adabu, kisha nikamwuliza nianze wapi. Alinipa ufagio wa kufagia karakana.

Nimefagia vizuri sana.

Jumatano, 6 Aprili

Leo nimeonyeshwa mkanda unaobeba chupa. Mwendo wake huongozwa na kisanduku cha chuma kilichotundikwa ukutani, karibu na bomba la mvuke. Ndani yake mna sakiti ya transista mbili zinazopokezana: moja ikilala nyingine huamka, na kila zinapopokezana hutoka pigo moja la umeme. Kila pigo husogeza mota hatua moja. Mapigo yakiwa ya haraka, mkanda hukimbia. Yakiwa ya polepole, hutambaa. Nje pana nobu ya kuzungusha, na pembeni mwa nobu pana alama nyekundu iliyopakwa kwa mkono.

Bwana Gershom alikiunda kisanduku hicho mwenyewe, mwaka ambao kile cha asili kiliungua na vipuri havikuweza kuagizwa kutoka ng'ambo. Alikipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Nobu ikiwa kwenye nyekundu, chupa arubaini kwa dakika. Hakuna wa kuigusa."

Nilisema ni kazi nzuri. Moyoni niliona ni kazi ya kizamani.

Jumatatu, 11 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Viatu vyangu vya kazi, ambavyo ni vipya, vimekufa.

Jumanne, 12 Aprili

Mwisho wa mkanda iko meza ya vifuniko. Wanawake sita hukaa wakitazamana. Kila chupa ipitayo hutiwa kifuniko kwa mkono, hukazwa, hupanguswa, kisha huingizwa katika kreti. Msimamizi wao ni Bi Mwanarusi wa Likoni, mjane, ambaye yuko hapa tangu kiwanda kifunguliwe. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe injinia mpya?"

"Ndimi."

"Mashallah. Basi mbona mwembamba hivyo? Huko chuoni mlikuwa mwala umeme?"

Meza nzima ilicheka. Nilijibu kwamba wapishi wa chuo hawakujua kukuna nazi. Jibu hilo liliniokoa, walinisogezea kiti.

Ijumaa, 15 Aprili

Mvua ya jana imepata njia katika paa la mabati, na njia hiyo inaishia juu ya kisanduku cha mapigo. Kabla sisi wa matengenezo hatujafika, Bi Mwanarusi alikuwa amekwisha kukifunika kwa karatasi ya plastiki, na juu yake gunia la nazi, akavikaza kwa kamba kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Bwana Gershom alimshukuru. Nami nilimshukuru. Paa litazibwa masika yakiisha. Hakuna fundi atakayepanda juu ya mabati yaliyolowa.

Jumatatu, 18 Aprili

Mfungo umeanza. Wanne kati ya wale sita wa meza ya vifuniko wamefunga, Bi Mwanarusi akiwamo. Kantini ni kimya.

Alhamisi, 21 Aprili

Chupa zinavunjika. Asubuhi hakuna hata moja. Baada ya chakula cha mchana hufika mezani kabla ya mikono kuwa tayari, hubanana, husukumana, na ile ya pembeni huanguka. Bwana Nguma, meneja wetu, ni mtu mpole wa sauti, lakini mlio wa kioo humwumiza kama jino bovu. Alishuka mwenyewe kutoka ofisini.

"Asubuhi ni salama," alimwambia Bwana Gershom. "Baada ya saa saba, balaa. Kuna nini baada ya saa saba? Njaa. Hawa akina mama wamefunga, mikono imelegea. Siwalaumu, lakini kioo ni kioo."

Nami niliona hoja ya meneja imenyooka.

Jumapili, 24 Aprili

Sikuandika kwa sababu hapakuwa na jambo. Philister, mwenzangu wa chumba hapa Chaani, ambaye hupiga taipu katika ofisi ya mizigo bandarini, anasema mtu asiye na jambo la kuandika ndiye anayeishi vizuri.

Alhamisi, 28 Aprili

Bwana Nguma alipendekeza kwamba waliofunga wahamishiwe kwenye kufagia hadi Idi. Bi Mwanarusi alisimama, akafuta mikono kwa leso yake, akajibu bila kupandisha sauti.

"Bwana meneja, Ramadhani zote nimefunga nikiwa kwenye meza hii. Swaumu yangu haijavunja hata kijiko. Ni huu mkanda. Wallahi, mchana wakimbia kama ulioona mwizi."

"Mkanda haufungi wala haufuturu, Bi Mwanarusi. Ni mashine."

"Basi imeingia wazimu hiyo mashine."

Watu walicheka. Nilitabasamu pamoja nao, kwa kuwa meneja alikuwa akinitazama. Nilipogeuka nilimwona Bi Mwanarusi ameliona tabasamu langu.

Alhamisi, 5 Mei

Leo onyo limetolewa mbele ya wote. Ikifika mkutano wa Juni na hali haijabadilika, meza itapewa msimamizi mwingine na Bi Mwanarusi ataachishwa. Ana binti wa kidato cha tatu na hana mwingine wa kumsaidia kumlea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Inshallah kheri," akarudi kwenye vifuniko vyake. Alasiri hiyo hiyo zilianguka chupa tatu kwa mfululizo, na hakuna aliyethubutu kuinama kuokota vigae.

Jumatatu, 9 Mei

Mvua. Nguo hazikauki. Chupa zinavunjika.

Jumanne, 17 Mei

Idi. Kiwanda kimefungwa. Bi Mwanarusi alitualika, mimi na Philister, nyumbani kwake Likoni. Alitupakulia pilau mpaka Philister akafungua kifungo cha sketi kwa siri, si kwa siri sana. Kazi haikutajwa kabisa. Tulipoaga, binti yake alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama ni kweli mwanamke anaweza kusomea umeme. Nilimwambia ni kweli. Akauliza tena, "Na mamangu atabaki kazini?" Nilijibu kwamba sijui. Ni jibu la kweli na ni jibu baya.

Alhamisi, 19 Mei

Mfungo umekwisha, watu wanakula mchana, na chupa zinavunjika vile vile. Nilimngoja Bwana Nguma aifute hoja yake. Hakuifuta, ameibadili nguo tu. "Basi imekuwa ni mazoea mabaya," alisema.

Hapo ndipo nilipoacha kukubaliana naye. Saa ya mkono niliyo nayo nimekuwa nikiitumia kuwahi kazini. Kesho nitaitumia kwenye mkanda.

Ijumaa, 20 Mei

Nobu iko kwenye alama nyekundu, haijaguswa. Asubuhi nilihesabu chupa arubaini kwa dakika, kama Bwana Gershom asemavyo. Saa tisa alasiri nilihesabu arubaini na nane. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara ya pili na ya tatu. Arubaini na nane.

Bi Mwanarusi alisema mkanda unakimbia. Alisema kwa Kiswahili kinachoeleweka, mbele ya watu, na sisi tukacheka.

Jumanne, 24 Mei

Siku hizi mbili nimepima mota, nimepima umeme unaoingia, nimetazama gia na mafuta yake. Vyote vina afya. Leo alasiri, mkanda ukiwa katika wazimu wake, nilifungua kamba za gunia ili nione ndani ya kisanduku. Hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Nilikiacha wazi nikaenda kumtafuta Bwana Gershom, nisimpate. Niliporudi, wanawake wa mezani walikuwa wakizungumza. Hiyo ndiyo dalili niliyoitambua kwanza: kwa wiki nyingi hawakuwa na nafasi ya kuzungumza alasiri. Nilihesabu: arubaini na tatu. Nikafunika tena kwa plastiki na gunia, nikangoja nikijifanya kusafisha nyaya. Mazungumzo yalipungua, yakakatika, na baada ya muda chupa moja ikaanguka.

Sasa najua. Transista, na kapasita zinazoziwekea umeme, hubadilika tabia zikipata joto. Kisanduku kilicho wazi hupumua. Kilichofungwa kwa plastiki na gunia kando ya bomba la mvuke hupika vitu vyake tangu asubuhi, na kufikia alasiri vinapokezana upesi kuliko nobu inavyosema.

Na gunia lilifungwa na Bi Mwanarusi. Mkono umesita kuliandika jina hilo. Kwa muda wote huu amekuwa akikimbizwa na mkanda alioukimbiza yeye mwenyewe, kwa wema, bila kujua. Meneja akipata nusu ya habari hii kabla ya nusu nyingine, kazi yake imekwisha.

Jumatano, 25 Mei

Nilimweleza Bwana Gershom karakanani, milango ikiwa imefungwa. Alisikiliza akisafisha miwani.

"Nani alikifunika?"

"Bi Mwanarusi, lakini bwana..."

"Basi jibu tumelipata. Kisanduku changu ni kizima. Kimefunikwa na mtu asiyehusika."

"Ulimshukuru siku ile. Sote tulimshukuru."

"Kumshukuru mtu si kumpa ruhusa, Bi Mueni."

Alitoka akaliondoa gunia kwa mkono wake mwenyewe, akalitupa kona. Sijawahi kumchukia mkubwa wangu wa kazi. Leo nimejaribu.

Alhamisi, 26 Mei

Mvua kubwa. Bila gunia, maji yalidondoka moja kwa moja ndani ya kisanduku. Mkanda uliruka, ukasimama, ukaruka tena, kisha ukafa kabisa, na nusu ya siku ilipotea tukikausha vitu kwa taa. Kukihamishia mahali pengine kunataka nyaya mpya, na nyaya hazipo ghalani. Jioni Bwana Gershom alilirudisha gunia mahali pake. Alifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Hakunitazama, nami kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba mtu huyu si mbaya, anaogopa. Kisanduku hicho ndicho kitu pekee kiwandani chenye jina lake.

Ijumaa, 27 Mei

Nimemwomba Bwana Gershom ruhusa ya kuunda kisanduku kipya, cha mantiki ya dijitali. Nilijiandaa kama mtu anayetahiniwa. Nilisema: sakiti ya sasa hutoa mapigo kwa kungoja kapasita ijae, na kujaa kwake hufuata hali ya hewa. Yangu itatoa mapigo kwa kuhesabu. Kipande cha kwarzi, jiwe dogo la saa, hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na joto la kiwandani hukigusa kwa kiasi kidogo mno hata mkanda hauwezi kukihisi. Chipu zitahesabu mitetemo hiyo, na hesabu haitoki jasho.

"Na mwendo utabadilishwaje? Mimi nina nobu."

"Kwa magurudumu madogo ya tarakimu. Utaandika namba unayotaka."

"Na hiyo kwarzi utaitoa wapi?"

"Katika saa ya ukutani ya kantini, ile iliyopasuka. Chipu nitazipata mjini."

Alivaa miwani yake vizuri. "Una mpaka mkutano. Changu kisiguswe hadi chako kitembee."

"Na habari ya gunia, bwana?"

"Sijamwambia mtu," alisema. Sikujua kama hiyo ni rehema au ni akiba.

Jumatano, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Wengine wako kwenye gwaride. Mimi nimelehemu kutwa mezani petu, Chaani.

"Dada," Philister alisema, "mboga yako inanuka risasi."

Jumanne, 7 Juni

Leo nimejaribu kisanduku changu wakati wa mapumziko ya mchana, na nimeaibika.

Chipu zilihesabu mitetemo hadi namba iliyoandikwa kwenye magurudumu, zikatoa pigo moja, zikaanza upya. Mkanda ulikwenda laini kama hariri. Nilikuwa nimekwisha kujipongeza wakati Bwana Gershom alipoomba kuujaribu yeye mwenyewe.

"Nataka uende haraka kidogo," alisema, akaongeza namba. Mkanda ukapunguza mwendo. Akaongeza tena. Ukatambaa.

"Naongeza, nacho chapunguza!"

"Ni sahihi kihesabu, bwana. Ukihesabu hadi namba kubwa zaidi, pigo huchelewa kutoka."

Bi Mwanarusi, aliyekuwa akila muhogo wake pale mezani, hakuweza kujizuia. "Mwanangu, hiki ni kisanduku au ni mkwe? Wamwita, ndiyo kwanza ashika njia aenda zake!"

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Bwana Gershom peke yake hakucheka. Alinivuta kando, akasema kwa upole ambao sikuutarajia: "Mtu wa zamu atakapoona chupa zinabanana, atapunguza namba kwa haraka, bila kufikiri. Hapo kisanduku chako kitamkimbizia mkanda. Nilikuwa na umri wako nilipounda kitu sahihi kihesabu. Kiliungua."

Nilitaka kumpinga. Alikuwa na haki.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeibadili njia. Sasa katika kila mapigo mia, sakiti huruhusu idadi iliyoandikwa ipite na huyameza mengine. Ukiandika arubaini, arubaini hupita. Ukiongeza namba, mwendo huongezeka. Mkono wa mtu na hesabu ya chipu vimepatana.

Lakini yale mapigo yaliyomezwa huacha mapengo, na mota huyahisi mapengo hayo. Mkanda una kwikwi. Chupa zilicheza, zikagongana, mbili zikaanguka zikiwa bado hazijafika mezani.

"Mpe maji," Bi Mwanarusi alishauri.

Zamani kidogo ningeudhika. Leo nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia kwa muda mfupi, kwa utaratibu, nikanawa uso. Siku zinakwisha, na wa kwanza kufanya mzaha ni yule anayengojwa na mkutano.

Jumapili, 12 Juni

Nimeona kosa langu kanisani, Mikindani, wakati wa matangazo, nami naomba radhi kwa mchungaji.

Nilikuwa nikiyameza mapigo mwishoni, mahali yanapokuwa machache. Ukimwondolea mtu punje moja katika punje kumi za mchele, ataona pengo katika sahani. Ukiiondoa katika gunia zima kabla ya kupimwa, kila sahani itatoka imejaa sawa. Basi nitayameza juu kabisa, karibu na kwarzi, ambako mapigo ni maelfu. Kisha nitagawanya kinachobaki kwa mia moja. Mapengo yatagawanyika pamoja na mapigo, na yatakuwa madogo kiasi kwamba mota haitajua kuwa yaliwahi kuwapo. Namba itabaki ile ile ambayo mtu ameiandika.

Chipu mbili zaidi. Nilikimbia nyumbani bila kungoja kuaga mtu.

Jumanne, 14 Juni

Kinatembea! Arubaini ni arubaini. Arubaini na moja ni arubaini na moja. Hakuna kwikwi. Bwana Gershom alizungusha magurudumu juu na chini kama mtoto aliyepewa redio, kisha akakifungua kisanduku chake mwenyewe kutoka ukutani, skrubu moja baada ya nyingine, akakiweka juu ya kabati karakanani. Alisema: "Kimefanya kazi yake."

Ijumaa, 17 Juni

Siku nne sasa. Kwa makusudi nimekifunga kisanduku kipya kwa plastiki na gunia, kando ya lile bomba la mvuke, mvua ikinyesha juu yake. Ndani ni joto la kuokea mkate. Saa tisa alasiri: arubaini. Pipa la vigae limebaki tupu. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Lakini lilibaki jambo moja, na sikutaka alisikie mkutanoni. Baada ya kazi nilikaa na Bi Mwanarusi kwenye kreti zilizopinduliwa, nikamweleza habari ya gunia tangu mwanzo. Hakunikatiza.

"Kumbe ni mimi," alisema mwishowe.

"Si wewe. Ulizuia maji. Hakuna aliyejua kwamba joto litaingia mahali pa maji."

"Na meneja ajua?"

"Hajui. Naweza kueleza kisanduku kipya bila kulitaja gunia."

Alifikiri, akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. "La, mwanangu. Leo ukilificha, kesho mtu atalitoa, nami nitaonekana nililificha. Mwambie. Ila mwambie nikiwapo."

Alhamisi, 23 Juni

Mkutano ulifanywa ofisini kwa Bwana Nguma. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nilipofika kwenye joto, meneja aliinua mkono.

"Ngoja. Kisanduku cha zamani kilikaa miaka mingi bila matata. Joto hilo limeanza lini?"

"Katikati ya Aprili, bwana. Kilipofunikwa ili kisilowe."

"Kilifunikwa na nani?"

Kando yangu kiti kililia. Bi Mwanarusi alikuwa akiinuka. Alikuwa bado hajanyooka sawasawa Bwana Gershom alipozungumza, akiwa amekaa, akitazama mikono yake.

"Kilifunikwa na Bi Mwanarusi, na nilimshukuru mbele ya watu. Paa lilikuwa likivuja; asingefunika, tungesimama siku ile ile. Siku nilipoliondoa gunia, bwana meneja, ulipoteza nusu ya siku. Ikiwa kisanduku kinaharibiwa na gunia la nazi, kosa ni la aliyekiunda. Nilikiunda mimi."

Bwana Nguma alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa limetoka bila ya mtu kuliona. Nilijiambia: sasa atasema.

"Nilisema ni njaa," alisema.

"Ulisema," Bi Mwanarusi alijibu, bado amesimama nusu.

"Kisha nikasema ni mazoea mabaya."

"Hilo nalo ulisema."

"Keti, Bi Mwanarusi. Meza ni yako. Onyo nimelifuta, na nitalifuta mbele ya wale wale waliolisikia." Kisha akanigeukia. "Endelea, Bi Mueni. Ulikuwa kwenye joto."

Sikuweza kuendelea. Utangulizi, kiini na hitimisho, vyote vilikuwa vimeniponyoka. Nilisema, "Nimemaliza, bwana," nikakaa chini.

Nje, uani, Bi Mwanarusi alisimama juani akiwa amefumba macho. Alisema "Alhamdulillahi" mara nyingi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayepoza uji. Bwana Gershom alipita akijifanya ana haraka. Bi Mwanarusi alimwita.

"Bwana Gershom!"

"Naam."

"Mungu akuweke. Na hiyo miwani, utanunua lini nyingine?"

"Nikipata mtu wa kunichagulia," alisema, akaingia karakanani kwa hatua ndefu kuliko kawaida yake. Meza nzima ya vifuniko, ambayo ilikuwa imejipanga dirishani kusikiliza, ilipiga vigelegele.

Ijumaa, 24 Juni

Bwana Nguma amelifuta onyo hadharani asubuhi, kama alivyoahidi. Kuhusu mimi alisema nimethibitishwa kazini. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo tangu Aprili. Ilipita haraka, nami nilikuwa nikimtazama Bi Mwanarusi.

Alasiri, mmoja wa wanawake wa mezani alikwenda zahanati na mwanawe, nikaomba nikae mahali pake. Walinitazama kwa mashaka.

"Wajua kukaza?" Bi Mwanarusi aliuliza.

"Nina shahada, mama."

"Haya. Shahada na ikae, tuone."

Saa tisa kamili. Chupa zilikuja moja moja, kwa nafasi iliyo sawa, hakuna iliyoharakisha wala iliyosita. Nilitia kifuniko, nikakaza, nikapangusa, nikaingiza katika kreti. Nilitia, nikakaza. Wenzangu walikuwa wakisimuliana habari za harusi fulani ya Bombolulu bila hata kutazama mikono yao, nami nikageuza kichwa mara moja tu nisikie bibi harusi alifanya nini.

Mlio ulikuwa mkubwa. Mafuta yalinimwagikia hadi kwenye soksi. Mkanda uliendelea na mwendo wake kwa utulivu, ukiniletea chupa nyingine.

Kila mtu alinyamaza kwa namna tuliyoizoea tangu Aprili. Nilimwona mmoja akitazama juu, kwenye dirisha la ofisi. Bwana Nguma alikuwa amesimama pale. Alituona, akaona vigae, akarudi kwenye kiti chake.

Bi Mwanarusi ndiye aliyeanza. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akakizuia, kikamshinda.

"Mkanda una kosa, injinia?"

"Hauna kosa, mama."

"Nani ana kosa?"

"Mimi."

"Sema tena, hawa hawakusikia!"

"Mimi!" nilipaza sauti, na meza nzima ikaanguka kwa vicheko, huku wale watano wakiendelea kufunika chupa bila ya kukosa hata moja. Alinirushia kitambaa. Niliinama nikaokota vigae, nikavitia katika pipa, nikarudi kwenye kiti changu.

"Haya, sogea," alisema. "Yaja nyingine."